Kikundi kikifika Ufini kigawanywe majumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, barua ni ndefu najua, nimejaribu kuipunguza imegoma. Nimekuwa nafuatilia kwenye ukurasa huu wa wasomaji watu wakibishana kuhusu hizi safari za kubadilishana utamaduni, mmoja akasema ni safari za kula bata tu kwa hela za wafadhili, mwingine akamjibu hapana watu wanajifunza, alafu akatokea wa tatu anasema yeye Ufini alishafika na Wafini ni watu wa baridi kama nchi yao, hawasalimii, hawacheki, mgeni hawana habari naye. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimerudi huko majuzi na kikundi chetu, na huyu wa tatu ndo aliyenifanya nikae chini niandike maana nadhani najua alikaa wapi alipokuwa huko. Alikaa hotelini. Na wenzake.

Safari yetu ilikuwa mwezi wa nane, kikundi mchanganyiko, walimu, wapiga ngoma, vijana wa kwaya, fundi cherehani mmoja, na mzee wetu Alhaji ambaye ndo alikuwa baba wa msafara. Nusu ya kwanza tulikaa Helsinki, mji wao mkuu, hotelini wote pamoja, nusu ya pili tukagawanywa mmoja mmoja au wawili wawili kwenye familia za mji wa Tampere na vijiji vya jirani. Waandaaji wetu hawakufanya hivyo kwa hekima, wamefanya hivyo kwa sababu hosteli iliyopangwa Tampere ilikuwa imejaa. Namshukuru Mungu ilijaa.

Pale Helsinki tulikuwa tunatembea kama msafara wa kupeleka mahari. Tukiingia kwenye tramu, ile treni ndogo ya barabarani, tunaijaza, huyu anaita kule nyuma yule anajibu huku mbele, selfi, vicheko, mwingine kapigiwa simu na nyumbani kaweka spika. Wenyeji wamekaa kimya kila mtu na kiti chake, maana Mfini akikuta kiti cha watu wawili tayari kina mtu mmoja anaona bora asimame. Kituo cha basi ni hivyo hivyo, wanasimama wameachana hatua mbili tatu na hakuna anayemkodolea mwenzake. Na ratiba yetu ilikuwa imejaa ofisi, asubuhi tunapelekwa ukumbini tunaonyeshwa slaidi, watu milioni 5 na laki 6, maziwa kama 188,000, uhuru kutoka kwa Warusi tarehe 6 Desemba 1917, lugha za taifa mbili Kifini na Kiswidi, mchana tunapiga picha kwenye ngazi za lile kanisa kuu jeupe, jioni tunarudi kwenye majiko yetu madogo ya chumbani tunasonga ugali kwa unga tuliobeba kwenye mabegi. Muda huo ungemuuliza yeyote kwenye kikundi Wafini wakoje angekujibu neno kwa neno kama yule msomaji wenu.

Kwenye treni ya kwenda Tampere, ambayo sio mbali, ni kama saa moja na nusu hivi au kidogo zaidi, kuna mama alikuwa amekaa karibu yetu anasoma kitabu. Kelele zetu zilivyopanda hakusema neno, hakukunja uso, alifunga kitabu akachukua koti lake akaenda zake behewa lingine. Mmoja wetu akasema mnaona, wanatubagua. Sasa wabaguzi wapo, hilo sibishi, hata watu weusi wanaoishi kule wanalalamika na wana haki ya kulalamika. Lakini yule mama nilikuja kumuelewa baadaye nikiwa kwenye nyumba ya watu. Kwao mtu aliye na wenzake anahesabiwa kwamba hana shida, na kumwingilia mtu asiye na shida ni kukosa adabu, kwa hiyo ukiwa na kundi lako wanakuachia kundi lako, kwa heshima kabisa, na utakaa hivyo mpaka siku ya kupanda ndege.

Kuna kitu kimoja Helsinki kilitakiwa kitufungue macho. Ile maktaba yao ya Oodi, imefunguliwa Desemba 2018 kwenye mwaka wa 101 wa uhuru ila ilijengwa kama zawadi ya kutimiza miaka 100, iko uso kwa uso na bunge. Sisi tuliingia kupiga picha. Fundi wetu akapotea. Tumemtafuta tukamkuta juu amekaa kwenye cherehani, maana mle ndani pamoja na vitabu kuna vyerehani na mashine nyingine mtu yeyote anatumia, na alikuwa anamkunjia pindo la suruali kijana mmoja wa Kifini ambaye uzi ulikuwa unamkatikia katikia, hawana lugha kati yao hata moja, wanaonyeshana kwa vidole, kijana anacheka mpaka masikio yamekuwa mekundu. Sisi tukamwambia fundi twende tunachelewa kwenye kikao. Aliyepata rafiki Helsinki nzima ni huyo mmoja aliyepotea.

Basi tukafika Tampere tukagawanywa. Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja nesi mstaafu na mume wake, nyumba yao iko nje ya mji pembeni ya ziwa. Alisema atanichukua saa nane na saa nane kamili gari ikasimama, sio na dakika tano. Akaniambia jina lake nimuite hivyo, hamna mama hamna bibi, kule hata mwalimu wanafunzi wanamuita jina lake la kwanza, mimi nikashindwa kabisa, mtu wa umri ule, nikawa namuita mama na yeye mwishoni akawa anaitika. Mlangoni viatu vinavuliwa, hilo halikunipa shida, nikapewa soksi nene za sufu alizofuma mwenyewe nikawa natembea nazo humo ndani.

Sasa jikoni. Wanawake wenzangu someni hapa. Juu ya sinki kuna kabati la vyombo lenye milango kama makabati yote, ila ukifungua halina sakafu, rafu zake ni fito za chuma, sahani ukishaiosha unaipachika pale pale ikiwa imelowa, maji yanachuruzika yenyewe kwenye sinki, unafunga mlango biashara imeisha. Hakuna kufuta, hakuna kuanika alafu kuja kupanga tena. Mama akaniambia ni kazi ya mama mmoja anaitwa Maiju Gebhard, aliyeiendeleza miaka ya 1940 baada ya kuona wanawake wanapoteza maisha yao wakiosha na kufuta vyombo, na leo karibu kila jiko la Ufini linalo. Hilo kwenye slaidi za Helsinki halikuwepo. Wala kingine ambacho watu wa pwani mtanielewa bila maelezo mengi: chooni pembeni kuna kibomba cha maji chenye mpira, cha kujisafishia, kwenye nyumba, kwenye hoteli, kwenye mighahawa. Alhaji wetu alivyorudi siku ya kwanza kutoka kwa mwenyeji wake hicho ndo kitu cha kwanza alichosimulia, kabla ya ziwa, kabla ya chakula, kabla ya salamu.

Asubuhi ni uji. Uji mzito wa shayiri yao ya oti, haunyweki unaliwa na kijiko, katikati wanachimba kishimo wanaweka kipande cha siagi kinayeyuka kinakuwa kama jicho la njano linakuangalia. Pembeni mkate mweusi wa nafaka ya rai, mgumu mchachu, siku ya kwanza niliutafuna kwa adabu tu, baadaye nikawa naupenda na siagi yake. Tunakula kimya. Baba anasoma gazeti, mama anaangalia nje kwenye ziwa, mimi siku ile ya kwanza nikawa nahangaika kutafuta cha kusema, naulizia hali ya hewa, naulizia watoto, wanajibu vizuri kwa kifupi kile Kiingereza chetu cha kuunga unga alafu kimya kinarudi. Mpaka mama akaniambia, sio lazima tuongee, tupo. Kuanzia hapo nikapumzika kweli, na naomba niseme, mimi nyumbani kwangu na darasani nashinda na kelele, sikuwahi kujua kwamba kukaa na mtu bila kuongea inaweza kuwa ni kukaa naye.

Na wakiongea wana kitu cha ajabu, mtu akikubaliana na wewe anasema "joo" huku akivuta pumzi ndani badala ya kuitoa, unasikia kama mtu amestuka au ana pumu. Dada mmoja wa kwaya alimuuliza mwenyeji wake kama dawa zake za pumu zipo karibu.

Kahawa ndo usiseme. Asubuhi kahawa, baada ya chakula kahawa, akija jirani kahawa, tukirudi msituni kahawa, sio nzito kama ya kwetu, ni ile ya kuchujwa, nyepesi, wanakunywa kikombe baada ya kikombe, na kazini mapumziko ya kahawa yameandikwa mpaka kwenye mikataba ya wafanyakazi. Inaletwa na mkate mtamu unaitwa pulla, na nilisikia harufu ya iliki kabla sijaiona sahani. Jumapili wakaja majirani, meza ikatandikwa, vikombe vya udongo mzuri, keki, pulla, biskuti, mama akasema karibuni. Hakuna aliyeinuka. Watu wazima wamekaa wanaiangalia meza kwa mbali kila mtu anamsubiri mwenzake aanze, kuwa wa kwanza kujipakulia inaonekana ni ulafi, mama anasema karibuni tena, mmoja anasema nenda wewe, yule anasema hapana wewe, kahawa inapoa. Mimi nikajua hawa ni ndugu zetu kabisa, nikanyanyuka nikamshika bibi mmoja mkono tukaenda naye, chumba kizima kikashukuru.

Wahenga walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, na mama yule bila kuijua methali yetu akanipa brashi. Kuna kitu wanafanya kiangazi, kufua mazulia. Ni mazulia marefu membamba yanayofumwa kwa vitambaa vya nguo za zamani zilizochanwa, ukitembea juu yake mwenye nyumba anaweza kukuonyesha huu mstari wa bluu ulikuwa shati la baba, huu mwekundu pazia la jikoni. Miji yao ina sehemu maalumu za kufulia, Helsinki zipo mpaka ufukweni baharini, kuna meza kubwa za mbao, maji, vyuma vya kukamulia na fito za kuanikia, na hailipiwi. Unatandaza zulia mezani, unamwagia maji na sabuni yao ya msonobari ambayo ina harufu ya msitu mzima, unasugua kwa brashi ya mti kwenda na kurudi mpaka mabega yanauma, unasuuza, unageuza, unaanza upya. Pale ndo niliwasikia Wafini wakiongea. Watu wasiojuana, meza kwa meza, wanaulizana zulia hili kafuma nani, doa hili utalitoa na nini, mzee mmoja mwanaume anasugua la marehemu mke wake anatuambia jinsi lilivyofumwa. Mimi ni mweusi pekee pale, nimejifunga kanga, hakuna aliyenishangaa, nilikuwa na brashi mkononi na zulia mbele yangu, basi nilikuwa mtu wa pale. Nikamkumbuka yule mama wa kwenye treni.

Jioni yake sauna. Hapa najua watu mnasubiri, maana kila anayerudi Ufini anaulizwa la kukaa uchi. Ni hivi: familia inaweza kuingia pamoja, wageni kwa kawaida wanawake wanaingia kivyao na wanaume kivyao, na ndiyo, kwa kawaida hawavai kitu, unakalia kitaulo chako. Mama akaniambia wewe vaa unachotaka, nikaingia na kanga, na dunia haikuisha. Unaoga kwanza. Alafu ni chumba cha mbao, giza giza, benchi za ngazi, joto linafika nyuzi 80 na kupita, kuna jiko la mawe, wanayamwagia maji kwa kata ule mvuke unakuja kukukumbatia kuanzia masikioni. Wana matawi mabichi ya mti wao wa koivu yamefungwa fungu, unajipiga nayo taratibu mgongoni na miguuni, inanukia majani. Hakuna kupiga kelele wala ubishi, wana usemi wao wa zamani kwamba saunani mtu akae kama yuko kanisani. Alafu unatoka unashuka kwenye ziwa, maji ya baridi yanakukata pumzi, unarudi tena juu.

Yule mama niliyekaa naye siku zote akijibu kwa maneno matatu, mle ndani aliongea. Aliniambia mama yake alizaliwa kwenye sauna, sio hospitali, maana zamani sauna ndo palikuwa mahali safi kuliko pote kwenye boma, pana maji ya moto, wanawake walijifungulia humo na maiti zilioshwa humo. Akaniambia habari za kazi yake ya unesi na za mtoto wake ambaye hawaelewani. Mimi pia nikasema vyangu. Nchi ile inakadiriwa kuwa na sauna milioni 3 kwa hao watu milioni 5 na ushee, mpaka bunge lao lina sauna, na mwaka 2020 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Tulikuwa tumeambiwa hayo yote Helsinki. Kwenye ratiba ya kikundi kulikuwa na kipengele kimeandikwa "kutembelea sauna", dakika 40, tumeingia tumeiona imezimwa, tumepiga picha tumevaa makoti.

Sitaki nionekane natangaza peponi. Dada mmoja wetu alipangiwa mwenyeji kijana anayeishi peke yake ghorofani, siku ya pili yule binti akaenda kazini kamuachia ufunguo na karatasi mezani, chakula kipo kwenye friji, jisikie nyumbani. Dada alilia. Alisema mgeni gani anaachwa peke yake kama paka, na mpaka leo hajasamehe, na siwezi kumlaumu maana kwetu hiyo ni kutupwa. Mimi nilimwambia mtu aliyekufahamu jana kakupa ufunguo wa nyumba yake na kila kitu kilichomo, hiyo nayo ihesabu, akanikata jicho. Lakini angalau hawa wawili waligombana, na bado wanaandikiana. Kwenye hoteli ya Helsinki hakuna aliyegombana na Mfini yeyote, kwa sababu hakukuwa na Mfini.

Na vitu vingine sitavitamani. Ile pipi yao nyeusi ya chumvi, salmiakki, wanakupa huku wanakuangalia usoni wakisubiri, ni kama mzaha wa taifa. Chakula cha jioni saa kumi na moja alafu mpaka kulala ni mkate tu. Kwenye maghorofa mengi kuanzia saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi ni kimya kabisa, ngoma zetu zilikaa kwenye mifuko. Mbu wa msituni ni wengi na wana hasira, bahati yao hawana malaria.

Shuleni nilienda siku moja na mjukuu wa mama, kwa kibali cha shule, na kama mwalimu ningeweza kuandika barua nyingine nzima. Kwa kifupi tu: watoto wanavua viatu, wanakuja wenyewe kwa miguu au baiskeli hata wadogo wa miaka 7 ambao ndo kwanza wameanza la kwanza, kila baada ya kipindi cha dakika 45 wanatolewa nje hata kama kuna manyunyu, na saa tano hivi wote wanakula chakula cha moto bila kulipa, wanajipakulia wenyewe, viazi, samaki, saladi, mkate mkavu, maziwa, sahani wanarudisha wenyewe. Sheria ya chakula hicho waliipitisha 1943 wakiwa katikati ya vita na ikaenea nchi nzima 1948, wakati huo walikuwa nchi masikini na yenye madeni. Nilikaa meza moja na watoto wa darasa la nne, mmoja akaniuliza kama shule yetu chakula ni kizuri. Nilibadilisha mada.

Sokoni Tampere wanauza soseji nyeusi inaitwa mustamakkara, fahari ya mji, inaliwa na jamu ya matunda mekundu ya msituni, na kinachofurahisha unanunua kwa hela sio kwa kipande, unataja una euro ngapi mtu anakukatia ya hela hiyo. Ila ni damu ya nguruwe ile, Waislamu na wengine mjue. Mwenyeji wa Alhaji alikuwa ameshajua, maana kabla hatujafika kila familia iliandikiwa fomu ya nani hali nini, na wao jambo hilo wanalichukulia kwa uzito sana, mpaka kwenye mighahawa wanaandika herufi pembeni ya kila chakula kuonyesha kipi hakina laktosi, ile sukari ya maziwa, kipi hakina gluteni ya ngano. Alhaji alilishwa supu ya samoni na viazi na bizari yao ya majani mpaka akanenepa. Wanaosema watu wa dini wasipelekwe majumbani wataaibika kwa chakula, muulizeni yeye.

Kitu cha mwisho ambacho kwenye kundi tusingekiona ni msitu. Wana haki yao ya zamani, kila mtu, hata mgeni, anaruhusiwa kuingia msitu wowote bila kujali ni wa nani, kutembea, kuchuma matunda ya porini na uyoga, kulala kwenye hema usiku mmoja mbili. Masharti yapo, huingii kwenye ua wa nyumba ya mtu, hupiti kwenye mazao, huingizi gari, hukati mti, huwashi moto bila ruhusa ya mwenye ardhi. Tulienda na ndoo na kifaa fulani kama kijikoleo chenye meno ya kitana, unapitisha kwenye vichaka vifupi matunda ya bluu yanajaa. Tulichuma mpaka vidole vikawa zambarau. Kila tulichochuma ni chetu, na hata mtu akienda kuuza alichochuma mwenyewe halipi kodi. Nilimuuliza baba msitu huu wa nani, akasema wa jirani mmoja kule, hajawahi kumwambia kwamba anakuja kuchuma na jirani hajawahi kuuliza. Tukiwa njiani anaokota makopo ya soda yaliyotupwa, nikajua ni usafi, kumbe na hela ipo, kopo moja linarudishiwa senti 15, chupa kubwa ya plastiki senti 40, unaingiza kwenye mashine supamaketi inakupa risiti unaenda kuitumia pale pale kaunta. Mzee ana nyumba, ana boti, na kopo la senti 15 haliachi.

Sasa hoja yangu kwa waandaaji wa hizi safari, na wengine nawafahamu wanasoma gazeti hili. Kikundi kikusanyike airport ya kwenda na airport ya kurudi, na siku ya kuonyesha ngoma yetu. Katikati kigawanywe, wasizidi wawili nyumba moja, na hao wawili wasiwe marafiki. Unga uachwe nyumbani. Ratiba iwe na siku tupu ambazo hazina ofisi wala slaidi, mtu ashinde na mwenyeji wake akifanya anachofanya siku zote, hata kama ni kulipia bili na kukata nyasi. Watu wafundishwe kabla ya kuondoka vitu vidogo tu, kuvua viatu, kufika kwa saa, kuwapungia mkono madereva wa basi la sivyo linakupita, kwamba kimya sio chuki. Wanaosema ni hatari kwa mabinti zetu wana hoja, fomu ziwepo, simu ziwepo, mtu asiyetaka abadilishiwe nyumba siku hiyo hiyo bila kuulizwa maswali, na kiongozi awe anapita kila nyumba. Hayo yanawezekana na ni rahisi kuliko hoteli.

Na kuna la haraka zaidi ndo maana nimeandika sasa. Wenyeji wetu wanakuja kwetu mwakani, na yule mama nesi na mume wake wamo. Kwenye kikao juzi nimeonyeshwa ratiba, ni hoteli, basi la kukodi, ziara za ofisini, na jioni moja ya "chakula cha asili" hotelini hapo hapo na kikundi cha burudani cha kulipwa. Yaani tunataka kuwafanyia kile kile. Nilipouliza kwanini wasikae kwetu nikaambiwa tutaaibika, vyoo vyetu, umeme, watoto wengi. Mimi nimeshasema mama yule na mumewe wanakuja kwangu, vyumba viwili vinatosha, watoto watalala sebuleni. Alhaji kasema wa kwake anamchukua na kibomba cha chooni ameshaagiza. Fundi cherehani anachukua mmoja. Wanahitajika wenyeji wengine kabla hoteli haijalipiwa, na wanakikundi ambao walilala kwenye nyumba za watu kule wakala uji wao wasijifanye hawajaona tangazo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa sekondari